Majaribio Mia Mbili na Kitufe Kimoja

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimepata kazi. Haina mshahara, lakini ni kazi.

Kaka mmoja wa kidato cha sita, yule mwenye miwani iliyoungwa kwa gundi, ametengeneza programu ya maktaba ya shule. Kabla haijaanza kutumika lazima ipimwe. Mwalimu wa kompyuta amechagua wapimaji wawili: mimi, na mwenzangu wa darasani tunayemwita Spika, kwa sababu hata akinong'ona darasa la jirani wanageuka. Kila mmoja apange majaribio yake, ayafanye, halafu Jumatatu ijayo aeleze alichokiona mbele ya mwalimu na mkutubi. Atakayefanya vizuri zaidi atakuwa msaidizi wa mkutubi muhula mzima. Maana yake ni kwamba saa ya michezo, wenzake wakiwa uwanjani, yeye atakuwa ndani, kwenye kiti, katikati ya rafu, kitabu mkononi.

Nakitaka kile kiti. Uwanjani huwa nasimama pembeni nikijifanya nafunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba.

Mwalimu ametupa karatasi ya mahitaji, yaani mambo ambayo programu lazima iyaweze: kuazimisha kitabu, kukipokea kinaporudishwa, kukitafuta, na kumtumia mzazi ujumbe wa simu kitabu kikichelewa. Akasema kwa kila hitaji tujiulize: likigoma, nani ataumia, na ataumia kiasi gani? Panapouma zaidi ndipo pa kuanzia. Spika aliandika kila neno. Mimi sikuandika kitu. Nilishakuwa na mpango.

Mpango wangu ni wingi. Spika akileta majaribio kumi, nitaleta mia. Nitamfukia.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Karatasi ya mahitaji nimeikunja nikaiweka chini ya mguu wa meza unaoyumba. Imefaa sana.

Nimewaza hivi. Kuazima, kurudisha, kutafuta: hayo mtu yeyote atayapima. Fundi wa kweli hupima kile ambacho hakuna aliyewahi kukiwaza. Je, mwanafunzi mwenye jina lisiloenea kwenye mstari? Je, mwanafunzi atakayezaliwa kesho? Kitabu kisicho na kurasa? Mtu anayeazima kitabu kilekile kwa mkono wa kulia na wa kushoto kwa pamoja? Kalamu haikupoa. Mama alichungulia akauliza nacheka na nani. Nikamwambia nafanya kazi ya kitaalamu. Akasema basi mtaalamu akaoshe sufuria.

Spika namwonea huruma. Badala ya kuandika, ameshinda anazunguka akiuliza watu maswali. Kamuuliza mkutubi ni kitu gani anakiogopa zaidi. Mkutubi akamsimulia habari ya mwaka jana, enzi za daftari: mtoto mmoja alirudisha kitabu, haikuandikwa, na akasimamishwa mbele ya shule nzima akaitwa mwizi. Mkutubi bado akilikumbuka hilo machozi yanamlengalenga. Nilikuwa rafu ya pili, nikasikia yote. Habari ya kusikitisha kweli. Lakini majaribio hayaandikwi kwa kupiga soga.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Kompyuta yenye programu ni moja tu, ipo maktaba. Hila ya leo: kuikalia. Nimefika kabla hata mfagiaji hajamaliza ukumbi, nikatundika sweta langu kwenye kiti. Mapumziko nikawepo. Mchana nikawepo, na njaa yangu. Spika alikuja, akaona sweta, akaona mimi, akasema hana haraka, kazi yake anaipanga kwanza kwa penseli. Kwa penseli! Nilikaribia kumhurumia kwa sauti.

Nimeingiza wanafunzi wangu wa kubuni. Yupo Mfalme Asiyerudisha wa Kwanza, yupo wa Pili, na ukoo mzima unaofuata. Yupo Bibi Yangu Mzaa Chema Aliyeanza Shule Leo. Kila mmoja nimemwazimisha vitabu na kuandika tarehe ya nyuma, ionekane amechelewa tangu Januari. Programu ilidai namba ya simu ya mzazi kwa kila mwanafunzi. Namba ninayoijua kwa kichwa ni ya Mama tu. Nikaweka hiyo, kwa wote.

Nikangoja ujumbe wa kuwakumbusha wazazi utumwe. Kimya. Nikaandika kwa wino mwekundu: UJUMBE HAUENDI. Kosa la kwanza, limekamatwa na mimi. Nimetembea kurudi nyumbani kama mtu mwenye gari.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Ujumbe unaenda. Unatumwa asubuhi.

Mama ni fundi wa kushona, na simu yake hukaa juu ya meza ya kukatia vitambaa, ikiwa imewekwa sauti ya juu kabisa ili aisikie hata cherehani ikinguruma. Leo ililia kuishinda cherehani. Mzazi mpendwa, mwanao Mfalme Asiyerudisha wa Kwanza amechelewesha vitabu. Mzazi mpendwa, mwanao Mfalme Asiyerudisha wa Pili. Mteja aliyekuja kupimwa gauni la harusi alibaki amenyoosha mikono, anasoma pamoja naye. Kabla ya adhuhuri mtaa wa mafundi wote ulikuwa unajua kwamba Mama ana watoto wengi na hawana adabu.

Usiku huu wakati wa chakula Mama hakupandisha sauti. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Aliweka simu mbele ya sahani ya Baba.

"Baba watoto," akasema, "hebu nisaidie kuhesabu. Mimi najua wawili. Hawa wengine umewapata wapi?"

Baba alisoma. Akasoma tena. Akaapa kwa marehemu mama yake. Alipofika kwa yule Bibi aliyeanza shule, akaacha kuapa akanigeukia mimi. Mdogo wangu naye akanigeukia. Nikaeleza. Nilianzia mbali, kwenye maana ya upimaji wa programu, lakini Mama akanikatisha akasema nifike alipo yeye. Nikafika.

Baba alicheka mpaka akasukumwa nje akacheke huko. Mama alichukua sahani yake akaondoka, na mlangoni akageuka.

"Waambie wanao warudishe vitabu vya watu."

Wino mwekundu haufutiki. Nimebandika kipande cha karatasi juu yake.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nimetii. Nimekwenda kurudisha vitabu vya wanangu, mmoja baada ya mwingine. Nikabonyeza kitufe cha KURUDISHA. Programu ikasema asante. Nikamtazama Mfalme wa Kwanza: bado anavyo vitabu vyote. Nikabonyeza tena. Asante. Bado anavyo. Nilibonyeza mpaka mkutubi akauliza kama napiga taarabu.

Balaa la namna hii, na mimi nina kazi ya kufanya! Majaribio yangu yalikuwa yananingoja, sijafika hata kwenye kitabu kilichoandikwa kutoka chini kwenda juu. Sikuwa na muda wa kuhangaika na kitufe. Nikatafuta njia ya mkato: nikabadilisha namba ya mzazi. Badala ya ya Mama, nikaweka ile iliyobandikwa ukutani juu ya kompyuta. Sikujua ni ya nani. Namba iliyobandikwa ukutani haiwezi kuwa ya mtu muhimu.

Spika alipewa kompyuta kwa kipindi kimoja tu, akakaa, akabonyeza mara chache, akaandika kitu kwa penseli yake, akaenda zake akipiga mluzi. Kipindi kimoja! Kiti ni changu.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Nimenakili yote kwa mwandiko mzuri. Yametimia mia mbili. Nimechora pambo la maua pembezoni. Mama ameangalia, akasema maua yametulia. Kuhusu majaribio hakusema kitu, ila simu yake haijalia leo na amenipa kipande kikubwa cha keki. Tumepatana.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Nitaandika kwa ufupi, mkono hautaki.

Nilianza mimi. Sauti ilitoka ndogo, kama kawaida yangu nikitazamwa, lakini nilisoma. Jaribio la kwanza, mwanafunzi mwenye jina refu: programu imekata jina. La pili, mwanafunzi atakayezaliwa kesho: amekubaliwa, ameazima kamusi. Mwalimu alitabasamu. Kufikia ukurasa wa nne tabasamu lilikuwa limeganda. Mkutubi alikuwa anahesabu maua.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Karani wa shule, simu ya ofisi mkononi, akauliza kwa upole kabisa kama kuna anayemjua mzazi wa Mfalme Asiyerudisha wa Saba, maana tangu asubuhi ofisi ya mkuu wa shule inaambiwa kwamba ndiyo mzazi, na mkuu ameanza kuuliza.

Sasa naijua ile namba ni ya nani.

Mwalimu akaniuliza kwa nini sikurudisha vile vitabu nilipomaliza kupima. Nikamwambia nilirudisha, kitufe ndicho kilichokataa. Kinasema asante halafu hakifanyi kitu. Kaka mwenye miwani ya gundi, aliyekuja kusikiliza programu yake ikihukumiwa, alivua miwani.

"Kilikataa lini?" mwalimu akauliza.

"Ijumaa."

"Na umeandika wapi?"

Nikafunua kurasa zangu, ingawa nilijua. Nikamwambia ukweli, kwamba hilo halikuwa miongoni mwa majaribio yangu.

Akasimama Spika. Ana majaribio tisa tu, yote kwenye karatasi moja. Akasema alianzia pale mkutubi anapoumia: mtoto aliyerudisha kitabu lakini bado anadaiwa. Jaribio lake la kwanza: azima, rudisha, tazama kama jina limefutwa. Linatakiwa lifutwe. Halikufutwa. Mkutubi alishika kifua. Akasema programu ingeanza kutumika hivyo, angekuwa na shule nzima ya wezi wasioiba. Kaka mwenye miwani akakimbilia kibodi, na baada ya muda kitufe kikawa kinarudisha kweli. Mkutubi akamshika Spika bega. Sikuhitaji kusikiliza zaidi.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Kiti kimekwenda kwa Spika. Imetangazwa.

Lakini sikiliza. Mapumziko Spika alinifuata nyuma ya bomba la maji. Akasema, kwa sauti iliyosikika hadi langoni, kwamba yeye saa ya michezo hawezi kukaa ndani, miguu inamuwasha, na kwamba mkutubi amekubali ampishe mtu mwingine.

"Wewe unapenda kusoma, chukua. Nipe jibu kabla ya kengele ya mchana."

Mtu mwingine angerukia. Si mimi. Nilimwambia nitamjulisha, nikaenda kukaa nyuma ya choo na kalamu, kulipima ombi lake. Je, anasema hivyo akiwa na homa? Je, kiti kimekatwa mguu? Je, mkutubi ana pacha, na aliyekubali ni yule pacha? Je, maktaba itahamishwa ghafla kwenda mji mwingine nami nikiwa ndani? Nilifika mbali. Yalikuwa mazuri kuliko yote niliyowahi kuandika.

Nilipotoka, kengele ilishalia zamani. Spika akaniambia alinitafuta kila mahali akanikosa, akampa dada wa kidato cha kwanza ambaye alisema tu, asante kaka, nakitaka. Akaniuliza kwa nini sikumuuliza kama anamaanisha. Angenijibu ndiyo.

Nimelitafakari swali hilo njia nzima. Kosa langu sasa nimeliona wazi kabisa: majaribio yalikuwa machache.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Mwalimu wa michezo amegundua kwamba viatu vyangu havina kamba. Amesema kuanzia leo nina nafasi ya kudumu: golini.

Sijavunjika moyo hata kidogo. Nimeomba dakika chache, nimekaa chini kando ya mlingoti, na nimeshajaza kurasa tatu. Mpira ukija kutoka mawinguni. Ikija mipira miwili. Mpira ukija umeshikwa na ndege. Mpira ukisimama angani na kungoja nichoke. Kwa kila mmoja nimeandika nitakavyoruka. Timu yangu inaniita nisimame, mchezo umeanza, na Spika anakuja mbio upande wangu na mpira mguuni, moja kwa moja, chini kwa chini. Huo hauna haja ya kuandikwa. Ngoja nimalizie wa ndege.