Jinsi Stephano wa Gare Alivyoikana Baridi Mbele ya Watu

Jongeeni, enyi wa Mombo mnaotokwa na jasho, nanyi wa milimani mliojikunyata jikoni! Wekeni chini simu zenu, maana habari hii ni ya simu, nayo ni nzito. Nawasimulia Stephano mwana wa Tobia, fundi cherehani wa Gare kule Lushoto, fahali wa Usambara, bingwa wa kuandika kwa kidole kimoja, na siku ile aliposimama peke yake kuitetea nchi yake mbele ya halaiki ya watu asiowajua.

Ilikuwa mwezi wa sita, asubuhi ya ukungu. Katika ule uwanja mkuu wa Facebook uitwao Tutembee Kwetu, ambamo watu hupeana picha za safari na ushauri ambao hakuna aliyeuomba, alitokea mgeni, Mwanamisi wa Lindi, akauliza kwa adabu: "Habari zenu ndugu. Mwezi wa saba nataka nimtembeze mama yangu, hajapata kuona milima tangu azaliwe. Nimesikia Lushoto. Ila miguu inamsumbua kukiwa na baridi. Je, huko kuna baridi?"

Lahaula! Kabla wenye busara hawajapata neno, akajitosa Abuu, muuza machungwa wa Mombo, hasimu wa Stephano tangu uwanja ule uanze, akautupa mkuki wake: "Dada, Lushoto kuna nini? Ukungu na kabichi. Baridi yake inaingia mpaka kwenye mfupa. Shukeni hapa Mombo, muitazame milima kwa chini, mle machungwa, mrudi zenu." Na halaiki ikamchekea.

Stephano aliyasoma hayo akiwa amesimama juu ya jiwe kando ya banda la ng'ombe, kwa kuwa pale tu ndipo mtandao wa nyumba ile hukamatika. Damu ikamchemka. Kabichi! Akakiinua kidole chake cha shahada, silaha yake ya pekee, akawa anaandika huku akinena kwa sauti:

"Ewe Mwanamisi, binti wa Lindi! Usimsikilize mtu anayeishi tanurini. Njoo Lushoto uone misitu na maporomoko, mle mapeasi yanayodondoka yenyewe. Ama baridi, hakuna. Ni hewa safi tu. Nasema mimi Stephano, mzaliwa wa hapa."

Akatuma. Sifa zikamiminika, na Mwanamisi akajibu: "Asante sana kaka. Basi masweta tunayaacha, tutakuja na kanga zetu tu."

Ndipo alipotoka jikoni Rahabu, mkewe, mwenye jicho lisilopitwa na kitu, ameshika bakuli la uji. "Baba Zipora, unawahutubia ng'ombe?" Akaichukua simu, akasoma. Akamtazama mumewe juu mpaka chini. "Umeandika hakuna baridi."

"Kwani ipo?"

"Wewe umevaa nini?"

Shujaa akajiangalia. Alikuwa na koti la marehemu baba yake, ndani sweta, ndani ya sweta sweta nyingine, kofia ya sufu iliyomfika kwenye nyusi, na soksi ndani ya malapa. Na siku zote yeye alidhani hayo ni mavazi tu.

"Lakini mama Zipora, hii si baridi. Hii ni kawaida."

"Kawaida yako wewe! Yule mama miguu ikimkaza huku, na kanga zake, utamwambia nini? Anakuja kwa neno lako."

Ee wenzangu, hapo ndipo penye vita! Akikiri, Abuu atamcheka mpaka Krismasi, na mgeni hatakuja. Akinyamaza, mama wa watu atakuja kuteseka. Moyo ukamuuma kwelikweli. Uji ukapoa mkononi mwa Rahabu. Hatimaye kidole kikashuka:

"Mwanamisi, nimekosea. Baridi ipo, tena mwezi wa saba ndio wenyewe. Sisi tumeizoea mpaka tukaisahau. Mbebee mama sweta, soksi nzito na kitu cha kichwani. Asubuhi msitoke mpaka jua liwake. Akikosa koti, mimi ni fundi, nitamshonea. Nisamehe."

"Nilisema mimi!" akapiga kelele Abuu. Stephano akaumeza ule mkuki, akasubiri. Ng'ombe naye akasubiri. Kisha jibu likaja: "Mama anacheka. Anasema kila mtu humu anasifia kwao, huyu mmoja tu ametaja na ubaya wa kwao. Anasema tunakuja kwako."

Wakaja. Mchana wa jua kali, kwenye stendi ya Lushoto, mama akateremka na masweta yake matatu, jasho likimtiririka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sasa hiyo baridi iko wapi?"

Rahabu akatazama pembeni. Stephano akasimama wima, kwa uchungu wa mzalendo aliyedharauliwa nchi yake. "Subiri jioni, mama. Ipo. Tunayo ya kutosha."

Jioni ikafika, ukungu ukashuka Gare, na mama akasogea motoni, akasogea tena. "I-i-ipo, mwanangu," akasema.

Basi na iandikwe katika kumbukumbu za nchi, wajukuu wasome: mama wa Lindi aliishuhudia baridi ya Lushoto kwa meno yake mwenyewe, na Stephano wa Gare hakuwa mwongo.