Dada Mbinya wa Matiliku na Laini Yangu ya Pili

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Moyo umechoka. Si maneno yangu, ni ya daktari wa mjini Wote. Nina miaka themanini na mmoja. Nilifundisha thelathini na sita kati ya hiyo, na sasa kutoka kitandani hadi barazani ni safari ya kupumzika mara mbili. Wakati wa kutubu umefika.

Dhambi ndogondogo nimeshamwambia pasta. Alisinzia nilipofika mwaka wa 1974. Imebaki moja kubwa: Dada Mbinya.

Dada Mbinya ni mjane, muuguzi mstaafu, mwenyeji wa Matiliku, na ndiye anayependwa kuliko wote katika kundi letu la WhatsApp la majirani wa Kathonzweni. Picha yake ni ua la zambarau. Hakuna aliyewahi kumwona. Hawezi kuonekana. Dada Mbinya ni mimi.

Kisa ni Kiema. Kiema, naibu chifu mstaafu, hasimu wangu tangu tukiwa na kaptura. Kila nikiandika jambo la maana kundini, alijibu kwamba hayo ni ya enzi za kibatari. Basi miaka miwili iliyopita nikaenda dukani kwa Hirsi, nikanunua laini ya pili na simu ndogo. Niliisajili kwa kitambulisho changu. Mimi ni mtu wa sheria.

Kazi ya Mbinya ilikuwa moja tu, kukubaliana na mimi. Alikubaliana kwa wiki mbili. Kisha akaanza kuwa na maoni.

Wiki hii tunabishana kuhusu sheria inayopendekezwa na serikali, kwamba kila akaunti ya mtandaoni iunganishwe na nambari ya kitambulisho cha mwenyewe. Niliunga mkono kwa aya sita. Sheria ni sheria! Hata Kiema aliniunga mkono, jambo lililonitia shaka. Mbinya akapinga. Angefanyaje? Ikipita, amekwisha. Aliandika mistari miwili: kwamba mtu aliyezoea kupekua mifuko ya wenzake ndiye hulalamika mlango ukifungwa. Vidole gumba ishirini na tatu. Mimi nilipata kimoja, cha binti yangu Ndunge, na alikitoa kwa huruma.

Nikifa leo, Ndunge atafungua simu zangu kesho. Mzee wa kanisa, mwalimu mkuu mstaafu, kumbe ni mjane wa Matiliku! Watacheka hadi kaburini. Mbinya lazima atangulie kuondoka. Polepole, kwa heshima. Ataanza kwa kuugua.


Jumanne, 7 Oktoba

Saa tatu asubuhi Mbinya alitangaza kwamba presha imepanda na huenda asionekane sana.

Kosa! Huku kwetu huugui ukaachwa uugue. Kabla chai haijapoa kulikuwa na maombi arobaini na moja. Mmoja alisisitiza muarubaini, mwingine alilaani muarubaini. Mama mmoja mwenye shamba Matiliku alitaka kujua Dada Mbinya anakaa upande gani wa soko, amletee uji. Nikamhamisha Mbinya mara moja. Yuko kwa jamaa, Emali. Mama akasema ana dada yake huko Emali. Nikamhamisha tena.

Saa sita simu ndogo ikatetemeka mfukoni. Kiema amemtumia Mbinya pesa za maziwa! Nilicheka hadi Ndunge akaja kuangalia kama ni mshtuko wa moyo. Kiema, aliyehudhuria harambee zote akiwa na mikono mifukoni!

Kisha nikaacha kucheka. Ukimtumia mtu pesa kwa simu, jina la mwenye laini hukujia kwanza, ulihakikishe, ndipo ubonyeze kukubali.

Mwenye laini ni mimi. Majina yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho.




Jumatano, 8 Oktoba

Nilimngoja Kiema na utetezi wa hoja nne. Ya kwanza: si kosa kuwa na laini mbili. Sikufika ya pili.

Alikuja saa nne, akakaa, akakataa chai. Kwetu mtu akikataa chai ujue ni vita. Aliniuliza kwa sauti ya chini tangu lini. Nikasema, miaka miwili. Akapigapiga fimbo chini. Miaka miwili! Na mimi nikimwona akimwandikia Mbinya kila asubuhi, kumtakia siku njema, kumweleza habari za magoti yake, hata habari za upweke, nikanyamaza tu?

Nikasema nilishindwa pa kuanzia.

Akasema kwamba angalau nikubali kiume. Mwanamume akimsajilia mwanamke laini kwa kitambulisho chake, hata mtoto wa nasari anajua hapo pana nini. Mwalimu mzima! Kumbe walipokuwa wakiniombea moyo, moyo ulikuwa na shughuli zake!

Ilinichukua muda kuelewa. Kiema hadhani kwamba mimi ni Mbinya. Anadhani Mbinya ni wangu.

Hapo ndipo ningesema kweli. Najua. Naandika hapa ili Mungu aone kwamba najua. Lakini kwa mara ya kwanza katika miaka sabini Kiema alinitazama kwa wivu. Nilikohoa tu, kikohozi cha mtu mwenye siri.

Alipoondoka nilijitazama kwenye kioo cha kunyolea. Kwa kweli, upande wa kushoto, si vibaya.


Ijumaa, 10 Oktoba

Habari imefika hadi soko la Mbumbuni. Hirsi alipita kuniletea betri za redio, akaniita mzee kijana, akakataa malipo. Akasema heshima ni heshima.

Raha ilidumu hadi saa nane. Muindi, mwenyekiti wa ukoo, aliingia na wazee wawili na daftari. Wamekaa kikao. Wanajua kesi za siku hizi: mzee anakufa, mwanamke asiyejulikana anatokea na karatasi ya mahakama, maiti inalala mochari miezi minane mawakili wakibishana nani ni mke. Ukoo wetu hautakubali aibu hiyo. Basi wameamua kupeleka mbuzi wa ntheo kwa kina Mbinya nikiwa bado hai. Mbuzi wakishapokelewa, huyo ni mke, hakuna wakili atakayesema lolote.

Nikasema mambo haya yanataka utulivu. Muindi akasema kwa heshima kwamba mimi sina muda wa utulivu. Akalamba ncha ya kalamu, akauliza Mbinya ni wa ukoo gani.

Sikuwahi kumpa ukoo! Nilimpa presha, nilimpa cheti cha uuguzi, nilimpa hata mzio wa karanga. Nikasema sikumbuki.

Wazee walitazamana. Kwamba nina mwanamke wa siri walikuwa wamesamehe njiani wakija. Lakini kukaa na mwanamke miaka miwili bila kumuuliza ukoo! Na akiwa wa ukoo wetu? Huyo si ni dada yangu? Mmoja alifunga daftari taratibu, kama anayefunika maiti uso. Muindi akasema mambo mengine ni ya shule nyingi.

Wanaenda Matiliku Jumanne kuuliza nyumba kwa nyumba.


Jumamosi, 11 Oktoba

Ndunge alikuwa hanisemeshi tangu jana. Chai ilikuja bila sukari. Uji ulikuja bila kijiko.

Saa tano alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akauliza swali moja tu. Je, Mama alikuwa bado hai?

Mke wangu Ndinda alifariki miaka mitatu iliyopita. Wivu wa Kiema naweza kuubeba, hata kalamu ya Muindi. Lakini swali hilo lilinikaa kifuani, mahali pale pale daktari anapoweka kile chuma chake baridi.

Nikampa simu ndogo na nambari ya siri. Nikamwambia asome yote.

Alikaa juu ya mtungi wa plastiki uani, akasoma kwa saa mbili. Mara ya kwanza alicheka kwa nguvu, kuku wakakimbia. Akacheka tena. Kisha akarudi mwanzo, akasoma upya, polepole.

Alikuja na simu mkononi. Alinisomea Mbinya alivyomjibu Kiema siku moja: kwamba magoti yanayouma ni yale yasiyopigwa kwa maombi wala mbele ya mke alipokuwa hai. Akanisomea Mbinya alivyoniambia mimi mbele ya kundi zima kwamba Mwalimu ana hoja nzuri, tatizo anazipanga foleni hadi zinachoka. Akaniuliza kama najua hayo ni maneno ya nani.

Nikasema ni yangu.

Akasema, “Baba, huyu ni Mama.”

Sikuwa nimefikiria. Naapa. Miaka miwili nabishana na Mbinya, nashindwa kila mara, nalala nimefurahi, na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Sukari ilirudi. Lakini Ndunge ameweka sharti. Kesho nimwambie Kiema kweli, na simu hiyo ifungwe kabisa. Hawezi kusimama mazishini akiniimbia nyimbo huku watu wakinong’ona kwamba Mama alidanganywa. La sivyo atasema yeye mwenyewe, tena kanisani, wakati wa matangazo.


Jumapili, 12 Oktoba

Nimesema! Baada ya ibada, kwenye kivuli cha tangi la maji, nilimwambia Kiema kila kitu. Mbinya hayupo. Mbinya ni mimi. Maua, presha, mzio wa karanga, vyote mimi.

Kiema alivua kofia. Akanishika bega. Akasema hakujua kwamba nina uungwana wa kiasi hicho, kujidhalilisha mbele ya watu ili kulinda jina la mwanamke.

Nikaapa. Akasema, bila shaka utaapa. Nikamwonyesha simu yenyewe. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akauliza kama tumegombana hadi dada wa watu amerudisha simu.

Nikasema basi nitaandika kama Mbinya hapa hapa, mbele yake. Akaniangalia. Ndunge naye akaniangalia, kutoka mlangoni mwa kanisa. Nilianza mara tatu, nikafuta. Niliandika: “Habari ya asubuhi. Natumai u mzima wa afya kama nilivyo mimi.”

Kiema alisoma mara mbili, akarudisha simu. Mwalimu, akasema kwa upole, Mbinya hawezi kuandika upuuzi kama huu.


Jumatatu, 13 Oktoba

Asubuhi Wote, kwa daktari. Amebadilisha kidonge. Ameniambia nisipange mambo ya mbali.

Kesho wazee wanaenda Matiliku. Kweli nimeisema, imekataliwa. Si kosa langu. Ukweli ukikataliwa, mtu mwenye elimu hufanya nini? Hutafuta kitu kinachofanana nao.

Saa nane, Mbinya alijitokeza kundini. Presha imeshuka. Akaeleza kwamba alipoteza kitambulisho miaka miwili iliyopita, akahangaika maofisini, na Mwalimu, aliyemfahamu kupitia kanisa tu, akamsaidia kusajili laini. Hakuna zaidi. Mwalimu anamlilia mkewe marehemu hadi leo, na anayesema vinginevyo aende akaoshe mdomo. Ama kuhusu mbuzi, yeye si mwanamke wa kuolewa na kamati.

Vidole gumba thelathini na nane! Muindi aliahirisha safari ndani ya saa moja, akaomba radhi kwa maandishi. Jina langu ni safi. La Ndinda ni safi kabisa.

Mmoja tu, mwenye duka la mbolea, aliuliza kama kutumia laini ya kitambulisho cha mwingine si kosa kisheria. Kiema akamvamia! Akasema sheria isiyomwona mjane ni kipofu, na kuanzia leo yeye anapinga akaunti kuunganishwa na vitambulisho. Kwa hiyo nimebaki peke yangu upande wa serikali. Nikaandika aya tatu. Mbinya akazijibu kwa mstari mmoja. Amenishinda.

Ndunge alisoma yote akisonga ugali. Hakucheka. Alisema tulikubaliana simu ifungwe. Nikasema mwisho wa mwezi. Nikasema Mbinya amesaidia kusafisha jina la Mama, si vizuri kumfukuza siku hiyo hiyo. Alirudi kuusonga ugali, kwa nguvu kuliko ulivyohitaji.


Jumatano, 15 Oktoba

Kiema amekuja. Chai ameinywa, vikombe viwili, sukari vijiko vitatu kila kimoja. Alikuwa amenyoa.

Amesema hivi. Kama hakuna kitu kati yangu na Dada Mbinya, basi Mbinya yuko huru. Yeye Kiema pia yuko huru, tangu afiwe na mkewe. Hana haja ya kamati, ana mbuzi wake mwenyewe. Anaomba jambo moja tu, mimi niwe msemaji wake siku ya kwenda Matiliku, kwa kuwa ni mimi pekee ninayemfahamu Mbinya.

Hapa ndipo ningesema tena kweli. Nilifungua mdomo. Lakini alikuwa ameshika kofia magotini kama mvulana anayengojea matokeo, na hata hivyo mara ya kwanza hakuniamini.

Nimekubali.

Nimemwambia tu kwamba mbuzi wa Oktoba ni mifupa na pembe. Tungoje mvua, tungoje majani, twende Aprili, mbuzi wakiwa wa kutazamika. Akasema hiyo ndiyo busara ya mwalimu. Aprili! Daktari alisema nisipange mambo ya mbali, na Aprili ni mbali vya kutosha. Siku hiyo mimi nitakuwa nimelala kando ya Ndinda, na maswali yote yataenda kwa Ndunge, ambaye ana kichwa kizuri kuliko changu. Ilikuwa mipango mizuri.

Saa kumi nilijikuta nimetembea hadi kwa Hirsi na kurudi bila kupumzika hata mara moja. Nimekula chapati tatu. Ndunge ameshangilia. Kidonge kipya, anasema, kimefanya kazi, na daktari wa Wote, alipompigia simu, amesema kwa mwendo huu naweza kufika hata Krismasi ya mwaka ujao.

Sijawahi kupata habari mbaya kama hizi.

Lakini sikwenda kwa Hirsi bure. Nilikuwa nimefikiria njiani. Mbinya anahitaji kaka. Kaka mkali, mwanajeshi mstaafu, wa kukataa posa ya mtu yeyote kutoka Kathonzweni. Nilimuuliza Hirsi kama kitambulisho kimoja kinaweza kusajili laini ya tatu.

Kinaweza. Safari hii nimeanza na ukoo.