Chupa, Sanduku na Sindano

Jumatatu, 3 Machi

Baba Kibonge amehamishwa kazini. Kuanzia leo anaosha vioo vya Chupa. Ameniambia huku anatabasamu kama mtu aliyeposa akakubaliwa. Nami nimetabasamu, kisha nikaenda jikoni nikakaa juu ya ndoo.

Dirisha letu la jikoni linaona majengo marefu matatu ya mjini, na kila mtu humu ndani ana lake. La mume wangu ni hilo Chupa. Vioo vitupu toka chini mpaka juu, nene chini, jembamba shingoni kama chupa ya chai. Hata nzi hana pa kutua. Yeye anasema huo ndio uzuri wenyewe, kwamba jengo linavaa mawingu. La wifi yangu, dada yake tunayekaa naye, ni Sindano, lile lililochongoka. Anafanya kazi mapokezi pale na anaringa kama amelichonga mwenyewe. Langu ni Sanduku. La mraba, la zege, rangi ya majivu. Kila ghorofa ina kibaraza chembamba kinachozunguka nje kama ukingo wa sahani.

Wifi kacheka mpaka kijiko kikamtoka. Eti Sanduku linafanana na kabati la vyombo lililoachwa na watu waliohama. Nikamjibu kabati lina heshima yake, sindano kazi yake kuchoma. Kaka yake akasema tunyamaze, mtoto atajifunza kubishana kabla ya kutembea.

Sababu sijawaambia. Kwenye Sanduku mtu akiteleza, kuna kibaraza. Anakaa, anapumua, anarudi nyumbani. Kwenye Chupa akiteleza kuna nini? Upepo. Na Kibonge wangu ana meno mawili tu. Namtaka baba yake awepo mpaka meno yote yaote, yang'oke, yaote tena.

Kwa hiyo lazima ahamie Sanduku, na asijue kwamba ni mimi. Mwanamume ukimwambia unaogopa, anapanda juu zaidi.

Jumanne, 4 Machi

Akili imenijia nikikamua nepi. Mtu akiharibu kazi, anaondolewa kwenye kazi hiyo. Mimi mwenyewe nilipokuwa kwa dobi niliunguza kola za mashati, nikatolewa kwenye pasi nikapelekwa kuanika. Basi Baba Kibonge akiosha vibaya, atanyang'anywa Chupa.

Jioni, alipokuwa anaoga, nimechukua ule mpira wake wa kukaushia vioo nikaupaka mafuta ya kupikia. Kidogo tu. Kwa upendo. Kisha nikaupangusa juujuu usije ukang'aa.

Shule yangu iliishia njiani, lakini akili iliendelea kutembea.

Jumatano, 5 Machi

Imefanya kazi. Shida ni kwamba imefanya kazi mno.

Wifi amerudi na furaha ya mtu aliyeona arusi. Upande mmoja wa Chupa una michirizi toka shingoni mpaka kiunoni. Watu wa mapokezi walitoka nje kutazama, wakasema Chupa linalia. Akaongeza kwamba Sindano halijalia tangu lizaliwe.

Baba Kibonge kaingia ananuka sabuni. Nikamuuliza kwa sauti ya pole kama sasa watampeleka jengo jingine. Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kuku ana meno mangapi. Akasema kwao haiendi hivyo. Aliyeacha michirizi harudi chini, anarudi juu. Anaosha upande uleule mpaka msimamizi ajitazame kwenye kioo na aupende uso wake. Ilikuwa amalize upande ule leo. Sasa ana wiki nzima juu yake.

Waliosema mchimba kisima huingia mwenyewe hawakunijua. Mimi nimemwingiza mume.

Nimeuosha ule mpira kwa maji ya moto mpaka vidole vikawa vyekundu. Kuomba radhi sikuweza, maana ningelazimika kueleza. Nimempa kipande kikubwa cha nyama. Akauliza kuna nini. Nikasema hakuna, kwani nyama mpaka kuwe na kitu?

Ijumaa, 7 Machi

Mpango mpya. Huu hauna mafuta.

Nimembeba Kibonge mgongoni nikaenda kwa msimamizi wao. Vijana wanamwita Fundo, kwa sababu hawezi kuzungumza bila kipande cha kamba mkononi, anafunga na kufungua, anafunga na kufungua. Ni mtu mkubwa, mpole, wa kusikiliza. Watu wa kusikiliza ndio wazuri kudanganya.

Nimemwambia mume wangu analipenda Sanduku. Tangu mdogo. Kwamba usiku anavitaja vile vibaraza usingizini, kimoja kimoja. Kwamba ana aibu, ndiyo maana hajawahi kuomba.

Mikono ya Fundo ikasimama. Akasema, shemeji, miaka yote niliyofanya kazi hii sijapata kumwona kijana anayelipenda Sanduku. Wote wanalikwepa. Ukitaja jina lake tu, huyu ana mafua, yule mgongo. Nikasema moyoni, basi hao hawana macho ya kuona uzuri. Mdomoni nikasema, mapenzi, shemeji, hayachagui.

Akanishika mkono. Macho yake yalikuwa na maji. Nimerudi nyumbani naruka madimbwi.

Jumamosi, 8 Machi

Ushindi. Kuanzia Jumanne Baba Kibonge anahamia Sanduku.

Amekuja na habari hiyo amekunja uso. Hataki kula. Anashangaa amemkosea nani. Anasema Fundo alimkumbatia mbele ya vijana wote, akamwambia hakuna haja ya kuona aibu, na vijana wakacheka mpaka wakashikana mabega. Aibu ya nini, anauliza. Nikasema labda amependa juhudi yako. Nikageuka haraka kumfuta mtoto pua, ingawa pua ilikuwa kavu.

Wifi akasema kaka yake amekaa kama bwana arusi aliyeozeshwa bila kuulizwa. Kisha akanitazama mimi. Akanitazama tena. Nikaanza kuimba.

Usiku huu nitalala. Wiki nzima nimekuwa nikisikia upepo hata kama majani yametulia.

Jumapili, 9 Machi

Fundo ametutembelea. Amekuja kumpa hongera Baba Kibonge, lakini Baba Kibonge alikuwa ametoka kununua mkaa. Tukakaa naye uani, mimi, wifi na mtoto. Nikamwandalia chai.

Alikuwa na zawadi begani, mzunguko wa kamba nene. Akasema ameona kamba yangu ya kuanikia nguo imelegea, basi nichukue hii. Imestaafu, hairuhusiwi kubeba mtu tena, lakini mashuka itayabeba mpaka Kibonge aoe. Nikamshukuru. Nikamuuliza, kwa kuongea tu, mbona mnazo nyingi za kutoa bure.

Akasema, ah, hizi zote ni za Sanduku. Sanduku linakula kamba kama mbuzi. Vile vibaraza anavyovipenda bwana wako, shemeji, kingo zake ni msumeno. Kila ghorofa kamba inakwaruzwa. Lazima uweke kipande cha mpira cha kuikinga kwenye kila ukingo, na ukisahau mmoja, basi tena. Akanionyesha pale ilipolika, nyuzi zimesimama kama nywele za paka aliyeona mbwa. Kisha akasema na kibaraza chenyewe kinamdanganya mtu. Anaona pa kukanyaga, anajisahau, anaanza kutembea kama yuko sebuleni. Chupa je, nikauliza, na sauti yangu ilitoka kama ya kifaranga. Akasema Chupa ni mama. Limenona chini, unateremka umelala kifuani mwake, kamba haigusi ukingo wowote. Yeye wanagenzi wake wote huwaanzishia Chupa.

Chai ilinipalia. Wifi akanipiga mgongoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Nimemtoa mume wangu kifuani mwa mama nikamkabidhi msumeno. Kwa mdomo wangu mwenyewe, na mtoto wake mgongoni.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi nimekimbilia kwa Fundo kabla kazi haijaanza. Nimemwambia Baba Kibonge halitaki tena Sanduku. Nilichanganyikiwa hata maneno. Nikasema sasa anaota linamkimbiza. Fundo akafunga kamba yake polepole, akasema, shemeji, huo ni woga wa bwana arusi usiku wa kuamkia arusi. Asubuhi utaisha. Mtu hapotezi mapenzi ya tangu utoto kwa siku tatu.

Nimerudi nikamkuta wifi anafunga viatu vya kazi. Hakuwepo mwingine. Nimemweleza yote, mafuta, usingizi, vibaraza, yote. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni na viatu vyake. Kisha akaacha kucheka. Akaniuliza kama ni kweli nilikuwa nalia kila mume wangu akitoka. Nikasema silii, natoka machozi.

Akasema atanisaidia, lakini si bure. Nitamke kwamba katika majengo yote ya mji huu, zuri kuliko yote ni Sindano.

Nilijaribu kupunguza. Nikasema ni zuri kiasi. Akaanza kufungua mlango. Nikasema ni zuri. Akatia mguu nje. Basi nikalitamka lote, na kwamba Sanduku ni kabati, na kwamba waliohama walifanya vizuri kuliacha. Mtoto alikuwa anasikia. Mungu atanisamehe.

Nilidhani ana mpango wa maana. Mpango wenyewe ulikuwa huu. Jioni kaka yake alipoingia tu, akamwambia, kaka, mkeo anaogopa utaanguka, yeye ndiye aliyekuombea Sanduku. Halafu akaenda kuoga. Nimelipa Sindano nzima kwa maneno hayo machache.

Baba Kibonge alisimama na kofia yake ngumu mkononi. Nilitazama miguu yake. Akaniuliza na ule mpira. Nikasema na ule mpira. Akaingia chumbani. Nikasikia sauti, nikadhani anapiga ukuta. Kumbe anacheka amejifunika mto.

Alipotoka alisema kesho nivae viatu vizuri, na mtoto avae soksi.

Jumanne, 11 Machi

Wametupeleka ndani ya Chupa, ghorofa ambayo bado haijapata mpangaji. Sakafu tupu, kioo toka chini mpaka dari. Nikabaki karibu na lifti. Fundo alikuwa nasi. Mume wangu alimweleza asubuhi, akasema tu, mke wangu anaogopa. Fundo akasema kwa nini hamkusema hivyo tangu mwanzo? Kwao ni sharti. Mtu ambaye nyumbani kwake hakujatulia habadilishiwi jengo. Anabaki palepale alipopazoea. Na Sanduku, akasema, atalipanda yeye mwenyewe na wazee wenzake, wanaozijua zile kingo kama meno yao.

Nilishukuru mpaka akaniomba ninyamaze.

Kisha nje ya kioo zikashuka kamba mbili. Sikujua kwamba ni mbili. Siku zote nilikuwa nimeona moja kichwani mwangu, tena nyembamba. Ikafuata miguu, viatu nilivyovishona mwenyewe kisigino, halafu yeye mzima, ameketi kwenye kiti kidogo cha ubao, ametulia kama anangoja chakula. Akapaka sabuni. Akavuta mpira mara moja, kioo kikawa hewa. Hapakubaki hata mchirizi.

Kibonge alijipindapinda mikononi mwangu anataka kushuka. Nikajikuta nimefika kwenye kioo bila kujua nimetembea. Akaweka kiganja chake. Baba yake akaweka chake upande wa pili. Kiganja kikubwa na kiganja kidogo, na kioo katikati, na nyuma yake mji mzima chini kule.

Akaniuliza kwa midomo ni jengo gani zuri. Nikamjibu kwa midomo. Wifi hakuwepo, na hatajua.

Alhamisi, 13 Machi

Siku mbili nimelala kama gunia. Jana nilisahau hata kuchungulia dirishani mpaka nguo zikakauka. Kifua chepesi. Upepo umevuma mchana kutwa nami nimeuona kuwa ni upepo tu.

Baba Kibonge ameniomba ahadi. Nikiogopa nimwambie yeye, uso kwa uso, nisizunguke. Nimeahidi. Nimeahidi kwa moyo wote, nikamshika mkono, na wifi akiwa shahidi.

Na nitaitimiza. Ila leo, nikitoka kliniki na mtoto, nimepita barabara ya nyuma nikaona jengo ambalo sijui kwa nini hakuna anayelisifu. Ghala. Jipya, madirisha safu nzima, huoni mwisho wake. Ni refu kuliko Chupa na Sindano ukiyaunganisha, tofauti ni kwamba lenyewe limelala. Mtu anaosha vioo vyake vyote amesimama ardhini, akichoka anaegemea ukuta. Nimesimama pale nalitazama mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia hapana, baba, natazama uzuri.

Mke wa Fundo naye huleta mtoto wake kliniki ileile. Alhamisi ijayo nitakaa karibu naye. Sitadanganya, nimeahidi. Nitagusia tu kwamba mume wangu, tangu aanze kazi hii, anasumbuliwa sana na jua la kule juu, masikini, na kwamba kivuli cha maghala humfaa ngozi.