Neno la Kichina Lililonilaza Chini

Leo nimeadhirika, tena nikiwa nimevaa tai. Naandika mwenyewe kabla hamjaletewa na watu wengine, maana wanafunzi wangu wote wana simu na hakuna aliyekuwa ameizima.

Kwa wageni humu kundini: mimi ni mwalimu wa Kiingereza hapa Jeddah, mtoto wa Tanga, na marehemu baba yangu alifundisha Kurani maisha yake yote. (Lishikeni hilo la baba. Ndilo linaloniuma zaidi.) Nafundisha kwenye kituo cha binafsi, wanafunzi watu wazima watupu, wafanyakazi na wastaafu. Kiingereza tuko walimu wawili, mimi na Otieno, Mkenya, Mkristo, ambaye pia naishi naye nyumba moja.

Majuzi mudiri wetu, ndiye mkuu wa kituo, alituita ofisini akatuambia Kichina kimeingia. Watoto wanasoma Kichina shuleni, wazazi nao hawataki kuachwa nyuma, kwa hiyo kituo kimeleta mwalimu kutoka China. Pesa ya kulipa walimu watatu hakuna. Mimi na Otieno tutafundisha somo moja kila mmoja, na mwenye kituo, kafili wetu anayetudhamini nchini, atatuangalia kwa simu ya video akiwa kwake Riyadh. Atakayemridhisha anasaini mkataba mpya. Mwingine, halas, ikama yake, kibali cha kukaa hapa, ikiisha anarudi kwao.

Ikama yangu inabeba watu watatu. Mbali na mimi yupo mke wangu Zuhura, na yupo binti yetu Ilham, ambaye tangu azaliwe namjua kwa simu tu. Siku hizi akiniona anabusu kioo mpaka picha inapotea. Mkataba ukisainiwa, wanakuja. Zuhura keshashona mabaibui ya safari, keshaaga mpaka mashangazi zake wa Pangani. Na mimi ndiye niliyemwambia ashone. (Nani alinituma?)

Basi nikakaa nikawaza somo. Wazo lililonijia lilikuwa tamu, na mpaka saa hizi nashikilia kwamba lilikuwa tamu. Kama watu wanataka Kichina, nitawaonyesha kwamba Kiingereza chenyewe kimejaa Kichina. Ile "tea" ya Waingereza imetoka huko. "Ketchup", tomato sosi hii hii ya chipsi, jina lake limetoka huko, na ilikuwa sosi ya samaki kabla nyanya hazijaingia. "Tofu", ile jibini ya soya, haina haja ya kuuliza. Mtu alipe Kiingereza, Kichina apewe kama nyongeza ya muuza maandazi. Nilijiona nimewafunga wote, Otieno na huyo Mchina anayekuja.

Jana jioni tunapika, nikamsomea Otieno maneno yangu. Nilipofika kwenye "kowtow" akanisimamisha. Kwa msiolijua, kwa Kiingereza cha leo ni kujipendekeza kwa mkubwa mpaka unatia aibu. Lakini asili yake ni Kichina, na zamani lilikuwa tendo kabisa: mtu anapiga magoti mbele ya mfalme na kugusisha paji la uso chini.

"Na hiyo utaielezea aje?" Otieno akauliza.

"Nitaigiza."

Akaacha kusonga ugali. "Uigize hiyo ya kuinama kwa floor? Hapa Saudi? Bro, wachana nayo. Hiyo kitu watu wa hapa hawachekangi nayo."

"Otieno, usinifundishe dini yangu."

"Sawa, sheikh," akasema, akaendelea na ugali wake.

(Ndiyo. Mkristo kutoka Kisumu ndiye aliyenikumbusha sijda ni ya nani. Niacheni tu.)

Lakini mnijue. Nimesomea ualimu nyumbani, chuo ambacho ukiingia darasani bila zana unarudishwa bwenini mbele ya wenzako. Tuliambiwa maneno yakigoma, igiza. Hapa Jeddah nimeshaigiza ng'ombe anayezaa, tetemeko la ardhi na mtu aliyepotelewa na mzigo uwanja wa ndege. Wanafunzi wananipendea hilo. Abu Fahd, mzee mstaafu anayekaa kiti cha mbele, huniambia, "Ustadh, wewe ni sinema." Nikaamini sinema ndiyo itakayonisainia mkataba.

Hata hivyo sikuwa mjinga kabisa. Nilijua kumsujudia mtu ni haramu, hata kwa mchezo. Kwa hiyo sikumwita mwanafunzi yeyote aje kuwa mfalme. Nilifikiri sana, nikaona nitumie chupa.

Leo baada ya adhuhuri nikaingia darasani. Nikasimamisha simu nyuma ya darasa, nikampigia mwenye kituo, uso wake ukatokea, akaitikia kwa kichwa nianze. Kwenye kiti changu, mbele ya ubao, nikapanga zana: pakiti ya majani ya chai, kopo la tofu, na chupa kubwa ya tomato sosi. Somo likaanza vizuri mno. Nikasema "tea" ni Kichina, wakasema shai ni yao. Nikasema "typhoon" ina Kichina ndani yake, Abu Fahd akasema hapana, tufani ni Kiarabu na imo ndani ya Kurani. Nikamwambia ana haki, mabaharia walichanganya yote mawili. Akafurahi, akapigiwa makofi. Kwenye simu nikamwona kafili anacheka. Nikaanza kuwaona Zuhura na Ilham wanatoka mlango wa wageni pale uwanja wa ndege, mtoto analia kwa joto.

Nikaandika "kowtow". Nikaeleza kwa Kiingereza, kimya. Nikaeleza kwa Kiarabu changu cha kuokoteza, kimya zaidi. Nikachora mtu ameinama, akatoka punda. Hapo nikavua koti.

Nikaondoa chai na tofu, nikaiacha chupa peke yake katikati ya kiti. Nikaona bado haijafanana na mfalme. Nikatoa mfukoni kofia yangu ya kuswalia, ile aliyonidarizia Zuhura, nikaivisha chupa.

"Huyu ndiye mfalme wa China," nikatangaza.

"Ustadh, la," akasema Abu Fahd. "La, la, la."

Mimi nikadhani ameingia kwenye mchezo, anaigiza mlinzi wa mfalme. Nikapiga magoti. Nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kulialia, "Ewe mfalme mkuu." Nikaweka mikono sakafuni na paji la uso sakafuni, nikatulia hapo, maana chuoni tulifundishwa tusiharakishe tendo, mwanafunzi wa nyuma naye apate kuona.

Mlango ukafunguka nikiwa chini. Nilivisikia viatu kwanza. Nikageuza shingo, shavu likiwa bado kwenye marumaru, nikamwona mudiri amemshika mkono mwalimu mpya wa Kichina, amemleta atusalimie.

Sasa huyo Mchina. Mimi nilishajipangia kwamba akiingia atafurahi, atasema huyu ndugu anaheshimu utamaduni wetu. Jamaa ana ndevu na kofia nyeupe. Jina lake Ismail. Waislamu tangu mababu huko kwao, na Kiarabu chake kimenyooka kuliko changu na cha mudiri tukivijumlisha. Alitazama chupa, akanitazama mimi, akasema taratibu, "Astaghfirullah." Kisha akamwambia mudiri kwamba hata babu yake hakuwahi kumwona mtu akifanya hivyo.

Hapo ningesema ukweli. Ningesema ni somo, neno liko ubaoni, soma. Badala yake nikafungua mdomo ukatoka uongo wa mtoto wa chekechea.

"Nilikuwa naswali," nikasema.

Mudiri akainua macho kwenye dari, kule kulikobandikwa mshale. "Kibla kiko nyuma yako, ustadh."

Nikageuka. Kweli. Miguu yangu, na soksi yenye tundu, ndiyo iliyoelekea kibla.

"Na kofia imevaliwa na chupa," Abu Fahd akaongeza. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na huzuni, kama mtu aliyeshuhudia ajali.

Kisha sauti ikatoka nyuma ya darasa. Niseme kweli, nilishamsahau. Ilikuwa simu.

"Saleh," kafili akamwita mudiri kutoka Riyadh, "mwambie aseme shahada."

Nikacheka kidogo, nikidhani ni utani. Hakuna aliyecheka nami. Mudiri akaniambia kwa upole, "Sema, yalla, tumalize."

Nikaitamka shahada nikiwa bado nimepiga magoti, tai imepinda, darasa zima limesimama. Shahada ileile niliyofundishwa na baba kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Katikati sauti ikanikatika, nikaanza upya. Abu Fahd akawa ananitajia neno moja moja, nami nafuatiza. Niliona aibu sana, na nilimkumbuka baba, na nilishukuru kwamba hakuwa hai kuniona nikisilimishwa mara ya pili mbele ya tomato sosi. (Neno lililofuata kwenye mpango wa somo lilikuwa "lose face", kuumbuka, nalo limetoka Kichina. Sikulifundisha. Mfano walishaupata.)

Adhana ya alasiri ikaniokoa, au ndivyo nilivyodhani. Tukaenda kuswali, Ismail akatangulizwa kuwa imamu kwa sababu ni mgeni. Siku zote Abu Fahd husimama bega kwa bega na mimi. Leo amesimama mstari mwingine. Tulipokwenda kusujudu nilihisi nyuma yangu mtu anajizuia kucheka, pua inatoa sauti, halafu mwingine naye. Nilibaki chini muda mrefu kuliko imamu. Nilikuwa naomba kwa dhati, kuliko nilivyoomba mwaka mzima, kwamba yule mtu wa Riyadh alale aamke amesahau.

Hakulala. Tulipotoka kuswali mudiri aliniita ofisini, akanipa chai, akafunga mlango.

"Mimi nimekuelewa," akasema. "Nimelisoma neno ubaoni. Nimemweleza kwamba lilikuwa somo."

"Akasemaje?"

"Alisema somo angelisamehe. Uongo kuhusu swala hausamehe." Akaangalia kikombe chake. "Amemchagua Otieno. Mimi kwangu mafi mushkila, hakuna tatizo, lakini mwenye kutoa ikama si mimi."

Niwaambie somo la Otieno lilikuwa nini. Asubuhi, kabla yangu, alifundisha wakati uliopita, ile "past tense". Alisimama ubaoni na vitenzi vyake, watu wawili wakasinzia, kafili mwenyewe alipokea simu nyingine katikati. Hakuna aliyesujudu popote.

Nilipofika nyumbani alikuwa keshajua. Amepika samaki, yeye ambaye huwa tunagombana nani apike. "Pole, bro," akasema. "Sikutaka iwe hivi." Ningependa anicheke. Ningependa aseme alinionya, nimrushie mwiko, tuyamalize. Anatembea nyumbani kwa kunyata, amenipakulia kichwa cha samaki, na nimeshindwa kumchukia.

Nikampigia Zuhura. Nilikuwa nimejipanga nianze mbali, nimweleze habari za Kichina, nimchekeshe kwanza. Kioo kikawaka, Ilham akaja mbio akanibusu, picha ikapotea, ikarudi. Nyuma yake nikaona begi limefunguliwa kitandani, nguo zimekunjwa nusu.

"Walisaini?" Zuhura akauliza.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, mpaka kofia. Nilipofika kwenye kofia aliziba mdomo kwa upindo wa mtandio, mabega yakatikisika, nikafurahi kwamba walau nimemchekesha. Akaushusha mtandio. Hakuwa anacheka.

"Umekula?" akaniuliza.

"Nimekula."

"Basi pumzika. Tutazungumza kesho." Akainyanyua mikono ya Ilham, akanipungia nayo, akakata simu.

Ndiyo hivyo, jamaa zangu. Mkitaka kucheka, chekeni, kwa maana yangekuwa ya Otieno ningecheka mpaka nikae chini. Ila mkimkuta Zuhura sokoni Ngamiani huko Tanga, nawaomba, msimuulize safari ni lini.