Sweta Niliyomnunulia Rodah

Leo uso sina. Kama kuna mwenye wa ziada, aniazime mpaka Jumapili.

Wenzangu, wengi mnamjua Rodah, yaya wa binti yangu Neema. Kwa wale msiomjua: ndiye anayejua kwamba Neema hali ugali uliogusana na mboga, na ndiye anayejua shati langu la buluu liko wapi. Mama mkwe ndiye aliyetuletea kutoka kwao Lubao. Sasa shemeji yangu kule Lumakanda amejifungua mapacha, na wiki hii tukasikia kwamba mama mkwe anataka kumhamishia Rodah huko. Neema alilia mpaka akatapika. Mimi sikulia (nilisimama dirishani nikiangalia mvua kwa muda mrefu).

Na leo ni siku ya kuzaliwa ya Rodah. Nikaamua kumpa zawadi ya kumwonyesha kwamba hapa anapendwa. (Ndiyo, kulikuwa na hongo kidogo ndani yake.)

Nikaanza na wazo la beseni. Mke wangu akaniangalia. "Baba Neema, beseni la kufulia nguo zako?" Basi leso. "Ya kumbebea Neema?" Aproni? Hapo akainuka akaenda zake. Ndipo nikaona kwamba kila nilichofikiria kilikuwa kazi iliyofungwa kwa karatasi ya maua. Nikaona haya kweli.

Halafu nikakumbuka. Tulipokuwa sokoni mwezi jana, Rodah alisimama kwenye mtumba akaishika sweta moja: ya njano, maua makubwa ya zambarau mgongoni, vifungo vikubwa kama biskuti. Akaipapasa, akairudisha. "Hii ni ya watu wenye hawapikangi," akasema. Jana nikarudi, nikachimbua marundo mpaka nikapiga chafya kama mbuzi. Nikaipata! Haikuwa imenunuliwa. Nadhani ni Rodah peke yake aliyewahi kuiona nzuri. Kakamega nzima hakuna ya pili, na hilo nilijivunia sana. (Shikilieni hapo.)

Asubuhi nikampa. Akainusa.

"Baba Neema, ni ya kanisa?"

"Ni ya leo. Ivae."

"Mimi sijawahi fanyiwanga bathdei," akasema polepole, akaivaa palepale, akaenda kukoroga uji huku akijitazama kwenye kifuniko cha sufuria. Nikaenda kazini (nauza misumari na mabati) nikiwa na furaha isiyo na kipimo.

Mchana mvua ikanyesha kwa kishindo, ikakatika. Nikaomba ruhusa, nikamchukua Neema kule chekechea mimi mwenyewe ili tumshtue Rodah nyumbani. Njiani mtoto akaniuliza, "Baba, mbona Rodah hajamwagiwa maji?"

Kweli! Mnakumbuka tulivyofanyiana shuleni. Bathdei bila maji ni siku ya kawaida tu. Tukakata njia nyuma ya mahindi, tukaingia uani kwa kunyata.

Chini ya paa kulikuwa na beseni limejaa maji ya mvua, baridi ya kung'ata. Kwenye banda la jikoni mtu alikuwa ameinama akipuliza jiko, mgongo kwetu. Njano. Maua ya zambarau. Nikajiuliza, huyu Rodah amenenepa lini? Nikasema ni sweta tu.

Nikamwaga. Beseni zima!

"Hapi bathdeeei!" tukapiga kelele.

Jiko likalia shwaaa, likazimika. Majivu yakapanda mpaka darini.

"Mayi wee! Nimekufa!"

Ile sauti haikuwa ya Rodah. Akageuka, maji yakimchuruzika puani. Mama mkwe!

Jamani. Kwetu mkwe na mama mkwe hata mkono hawapeani. Hawakai chumba kimoja. Tangu nioe nimesalimiana naye yeye akiwa ndani na mimi nje, nikiangalia mti. Na leo alikuja mchana makusudi ili asinikute! Baadaye nikaambiwa yote: mvua ilimpata njiani, Rodah akamvua nguo zilizolowa, akamvisha sweta yake mpya apate joto, kisha akakimbia kumchukua Neema kwa barabara kubwa. Ndiyo maana tulipishana.

Nikafanya nini? Nikalivaa beseni kichwani. (Msiniulize kwa nini. Nilitaka tu asiuone uso wangu.) Nikakimbia hivyo hivyo, nikanasa kwenye kamba ya nguo, nikaanguka, nikainuka, nikajifungia chooni. Majirani wote wa ploti walikuwa wameshatoka.

Mara Rodah akaingia akihema. "Mtoto hayuko shule! Neema amepo—" Kisha nikasikia akicheka kicheko cha mtu anayejaribu kutocheka.

Mama mkwe hawezi kuniongelesha moja kwa moja, hasa nikiwa chooni. Akamtuma mjukuu wake, ambaye humwita kukhu, yaani bibi.

"Neema, uliza baba yako kama ako salama huko."

"Baba, kukhu anauliza kama uko salama!"

"Mwambie niko salama. Mwambie naomba msamaha sana. Mwambie nitaleta kuku."

"Kukhu, anasema kuku."

Nikasikia mama mkwe akikamua sweta.

"Mwambie leo nilikuja kuchukua Rodah nipeleke Lumakanda."

Nikajua yaya wetu nimemmwaga kwa mikono yangu mwenyewe.

"Lakini mwambie, mimi nilifikiri hii nyumba iko na mtoto mmoja. Kumbe wako wawili, na huyu mkubwa ndio hawezi achwa peke yake. Rodah atabaki. Lumakanda nitatafutia mwingine."

"Baba!" Neema akapiga kelele akigonga mlango. "Rodah anabaki akuangalie!"

Ploti nzima ikaangua kicheko. Nami nikacheka mle ndani mpaka machozi yakanitoka, na hayakuwa ya kicheko tu.

Sasa nawaandikia kutoka kwa jirani, kwa sababu mama mkwe analala kwetu, na chini ya paa moja hatuwezi kulala. Mkinicheka, chekeni huko huko, msiifikishe habari hii Lubao. Rodah ameniletea chakula hapa, sweta yake ikiwa bado na unyevu, akasimama mlangoni bila kuondoka.

"Kuna nini tena, Rodah?"

"Kukhu amesema nikuangalie mpaka umalize."

Nimemaliza. Hata mboga.