Kompyuta ya Mke Wangu Inapumzika

Jumatatu, 9 Juni

Siku ilianza vizuri. Niandike hilo kwanza, maana ni kweli.

Mke wangu na mama yake walitoka asubuhi kwenda kupima kiwanja cha shule. Mke wangu ni mchoraji wa ramani za majengo. Ofisi yake ni chumba chetu cha mbele, na mimi ndiye meneja. Napokea simu, napeleka ramani kwa wateja, natunza mashine. Hilo la mashine ndilo lenye ubishi.

Ubishi kauleta shemeji, mdogo wake mke wangu. Alisomea kompyuta miezi michache, na tangu hapo ukoo mzima unamwita Mtaalamu. Jana, mbele ya watu, kikombe mkononi, alisema kompyuta ya dada yake inaamka kama mzee anayetafuta viatu chini ya kitanda. Watu wakacheka. Mama mkwe alicheka mpaka akashika ubavu. Mimi pia nilicheka, kwa adabu.

Leo nikajibu mapigo. Nilikuwa nimesoma kwamba waliotengeneza ubao mkuu wa kompyuta ile, mazabodi kwa lugha ya mafundi, wametoa bayosi mpya. Bayosi ni ile programu ndogo inayokaa ndani ya ubao wenyewe, inaamka kabla ya zote halafu inaziamsha nyingine. Mpya huamka haraka. Nikaipakua, nikaitia kwenye flashi, nikafuata kila hatua huku nikitia alama kwa penseli. Umeme haukukatika. Mstari ulijaa mpaka mwisho. Kompyuta ikawaka. Kazi safi.

Ningeishia hapo. Lakini ndani ya bayosi kuna ukurasa ulioandikwa kwamba ni wa wajuzi tu. Sasa mtu akishaambiwa hivyo afanyeje, apite kama hakuona? Nikaingia. Nikagusa hiki, nikageuza kile. Kila kilichoachwa kijiamulie chenyewe, nikakiamulia mimi. Nikahifadhi. Nikawasha upya.

Skrini nyeusi. Feni zinazunguka, taa inawaka, skrini nyeusi tii.

Waliporudi nilimweleza mke wangu kwamba kompyuta inapumzika. Akauliza, inapumzika na nini? Nikasema joto. Akasema haya, ila anakumbusha tu: ramani za bweni la wasichana zinatakiwa kwa mwalimu mkuu Ijumaa kabla ya mchana. Kamati ya shule imeshasema zisipofika, kazi anapewa yule mchoraji wa mtaa wa pili, mwenye kibao kikubwa kuliko ofisi yake. Kwa hiyo mashine ipumzike, lakini isizoee.

Jumanne, 10 Juni

Leo ni siku ya utaratibu. Kanuni yangu ya kutafuta kosa ni hii, na nimewahi kumweleza hata shemeji akajifanya anaijua: badili kitu kimoja, jaribu, ndipo uende kwenye cha pili. Ukibadili viwili kwa pamoja hutajua kipi kimefanya nini.

Nikafungua ubavu wa kompyuta. Nikapuliza vumbi. Nikachomoa vibao vya kumbukumbu, nikawasha. Ikalia! Mlio mrefu, wa kukata masikio. Nilifurahi kuliko siku ya harusi, maana maiti haipigi kelele. Bahati mbaya mama mkwe alikuwa ametega simu yake impigie kengele maharage yakiiva. Aliposikia mlio alizima jiko. Mchana tulitafuna kama tunakula kokoto. Mama mkwe akauliza ni nani aliyeyaambia maharage kwamba yameshaiva. Nikainamia sahani.

Alasiri nikarudisha vibao. Nikawasha. Kimya. Feni tu, na ule weusi. Kimya kile kilinivunja moyo. Mashine inayolia angalau inakwambia inaumwa wapi.

Mke wangu, kwa upande wake, ametandaza karatasi kwenye meza ya kulia na anachora kwa mkono, kwa rula ileile ya chuoni. Anaimba chini chini. Anasema hakujua kama alikuwa ameikumbuka harufu ya penseli iliyochongwa. Nilipopita akaniuliza mgonjwa anaendeleaje. Nikasema leo amelala vizuri kuliko jana. Akarudi kuchora ngazi za bweni.

Jumatano, 11 Juni

Mke wangu ametangaza, bila ugomvi wowote, kwamba kompyuta isipoamka leo anamwita mdogo wake. Kazi yake yote anayo kwenye flashi mkobani, hana hofu ya kupotelewa. Ila programu ya kuchorea imo humo ndani tu, na kamati haipokei karatasi za penseli.

Kumwita Mtaalamu! Atasimulia mpaka wajukuu.

Nikasoma mtandaoni asubuhi nzima. Watu wenye shida kama yangu ni wengi, jambo lililonifariji. Ushauri ni wa aina mbili. Wa kwanza: chomoa ile betri ndogo ya duara kwenye ubao, iache nje kidogo, ubao utasahau kila ulichouagiza na kurudi ulivyotoka kiwandani. Wa pili: waya wa skrini uchomoe kwenye kadi ya picha, kile kipande cha pembeni kinachopeleka picha kwenye skrini, uchomeke kwenye tundu la ubao wenyewe, huenda picha inatokea huko.

Kanuni yangu inataka nianze na mmoja. Lakini kanuni haikuwahi kutishiwa kuitiwa shemeji. Nikafanya yote mawili kwa pamoja. Na kwa kuwa betri yenyewe niliitilia shaka, nikaiweka ile ya mizani ya mama mkwe, ya kupimia uzito. Zinalingana kabisa. Ya kwetu iliyochoka nikaihamishia kwenye mizani.

Nikawasha. Nyeusi.

Jioni mama mkwe alitoka bafuni anang'aa. Mizani inasema amepungua sana. Akadai hilo ni tunda la kutembea kiwanjani, akajiongezea wali. Ni vizuri kwamba kuna mtu wiki imemwendea sawa.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeamka na mpango. Ikiwa shemeji lazima aje, basi na aje kwa faida. Mtu wa mwisho kushika mashine ndiye aliyeiharibu. Hivyo ndivyo ilivyo duniani kote.

Nikampigia mwenyewe, kabla dada yake hajampigia. Nikasema nataka maoni ya mtu aliyesoma. Alifika kabla sijamaliza kupiga mswaki. Nikamkalisha mbele ya kompyuta, nikasema kwa sauti ili mke wangu asikie: shemeji, tafadhali, usiguse kitu kwa nguvu, hii ndiyo riziki yetu. Akajibu, shem, tulia, mimi siyo wewe. Nikatoka kwenda kununua mkate.

Nilitembea polepole. Njiani nilifanya mazoezi ya yale nitakayosema nikirudi na kukuta skrini bado nyeusi. Ni maneno matatu tu, lakini yanahitaji uchungu wa kweli: shemeji, umefanya nini? Niliyasema kwa huzuni, nikayasema kwa mshangao. Muuza mkate alidhani namwambia yeye, akaomba radhi.

Niliporudi nikasikia makofi. Nikaingia. Skrini inawaka, mke wangu ameshakaa kwenye kiti chake, mama mkwe amemshika mwanawe begani. Na yale maneno yalikuwa yameshajipanga mdomoni, siwezi kuyazuia. Nikasema, kwa sauti ya msiba: shemeji, umefanya nini?

Wote wakanigeukia. Nimeitengeneza, shemeji akasema.

Alichofanya ni kumuuliza dada yake waya wa skrini hukaa wapi siku zote. Kule chini, kwenye kadi, akaambiwa. Akauhamisha. Skrini ikawaka, ikaomba ibonyezwe kitufe kimoja iendelee. Akabonyeza.

Kisha akataka nimwambie nilichofanya siku kwa siku. Nikamwambia, maana mama mkwe alikuwa ananitazama. Akacheka mpaka akakaa chini. Akaeleza hivi: moja ya yale niliyogeuza Jumatatu lilihamisha picha kutoka kwenye kadi kwenda kwenye tundu la ubao. Jumanne nilipoogopa ukimya, mashine ilikuwa nzima kabisa, haina cha kulalamika. Jumatano, kuchomoa betri kulirudisha picha kwenye kadi, na saa hiyohiyo mimi nikauhamishia waya kwenye ubao. Ningefanya moja tu kati ya hayo, lolote lile, ingewaka. Mmepishana wewe na picha mlangoni, shem, alisema. Yeye anaingia, wewe unatoka.

Mama mkwe akataka asimuliwe tena kuanzia mwanzo. Akasimuliwa. Nikakata mkate.

Ijumaa, 13 Juni

Kazi imekwisha na kufika. Mke wangu aliingiza kwenye mashine yote aliyochora kwa mkono, na humo kukawa na la ziada. Kwenye karatasi aliona kitu ambacho skrini ilimficha siku zote: mlango wa bafu la bweni ukifunguliwa unagonga mtu anayeshuka ngazi. Kaugeuza. Anasema angeendelea na kompyuta asingeuona, na wasichana wangepigwa vipaji vya uso kila asubuhi.

Nikapeleka ramani mwenyewe. Mwalimu mkuu akazitazama kwa makini, akaufurahia ule mlango, akauliza tuligunduaje kosa lake. Nikamweleza kwamba katika ofisi yetu kuna utaratibu: katikati ya wiki kompyuta hupumzishwa makusudi, ili mchoraji afikirie kwa mkono. Akasema hilo ni jambo la kuigwa. Kamati imetupa kazi, na mwakani kuna maktaba.

Nilipomsimulia mke wangu alicheka mpaka machozi yakamtoka. Halafu akanishika mkono, akasema ana ombi moja: nisiiguse tena kompyuta yake. Nikaahidi kwa moyo mmoja. Ni mke mwema, na kuna ombi gani dogo kuliko hilo?

Jumapili, 15 Juni

Chakula cha kupongezana. Shemeji amekaa kiti cha kichwa cha meza, na hadithi ya waya imesimuliwa mara nyingine, sasa nikiwa na miguno ambayo sikuitoa. Sikukasirika. Nimeshiba, kazi tunayo, mke wangu ana furaha, mama mkwe anazidi kupungua.

Shemeji amekuja na laptopu yake. Katika mazungumzo akalalamika kwamba siku hizi inachelewa kuamka. Akaiacha ofisini ijichaji, akaenda sebuleni kunywa chai.

Mimi si mtu wa kuweka kinyongo. Kanisaidia, nami namsaidia. Niliahidi kuhusu kompyuta ya mke wangu, na hii si ya mke wangu. Bayosi yake mpya ilikuwepo mtandaoni, inasubiri. Nimeitia, mstari umejaa vizuri. Na hii nayo ina ukurasa wa wajuzi, tena mrefu kuliko wetu. Safari hii sikubabaika. Nimebadili kimoja, na vile viwili vitatu vilivyo karibu yake.

Skrini imekuwa nyeusi. Sina wasiwasi hata kidogo. Chanzo cha matatizo ya wiki hii kilikuwa waya wa skrini, na laptopu haina waya wa skrini, kwa hiyo kosa lile haliwezi kurudia. Imebaki betri ndogo tu. Ipo chini ya kifuniko chenye skrubu ndogo mno, bisibisi yangu haiziingii.

Shemeji anayo ya saizi hiyo, hutembea nayo mfukoni. Naenda sebuleni kumwomba.