Jipu Lililozibwa Pua

Bwana Pole alimwona yule mama kabla yule mama hajaliona lile gari la jipu, na hapo ndipo ustadi wa kazi ulipo. Mama mwenyewe mtu mzima, mkoba kwapani, alikuwa akizunguka uwanja wa magari makuukuu nyuma ya duka la betri, akipiga matairi kwa ncha ya kiatu. Anayepiga matairi kwa kiatu, Bwana Pole aliamini, hajui gari. Akanyoosha kola, akavaa uso wa huruma, akasogea.

Waliomjua walimwita Bwana Pole kwa sababu mjini mzima hakuna aliyetoa pole tamu kama yeye. Hakuwa na duka wala ajira. Jipu lile la porini, lililomzidi hata yeye umri, ndilo lililokuwa shamba lake na ng'ombe wake wa maziwa. Alikuwa ameshaliuza mara saba.

Msomaji asishangae, jambo lenyewe ni dogo. Tangi la mafuta nalo hupumua: pampu ikinyonya petroli, lazima hewa iingie kujaza nafasi, na njia yake ni kitundu kwenye kifuniko. Bwana Pole alikuwa na vifuniko viwili. Kizima kililala mfukoni mwake. Kilichozibwa kwa nta kilikaa kwenye tangi siku ya mauzo. Gari lingeondoka kwa madaha, na likifika mwinuko wa machimbo ya mawe, pampu imeshindwa kuvuta, likohoe na kuzima. Mnunuzi angefungua boneti, apulize mirija, aitukane kabureta mpaka mate yamkauke. Kifuniko hakuna aliyekitazama. Hapo sasa Bwana Pole hutokea na kamba ya kuvutia gari, akitoa pole, na kulinunua tena kwa bei ya vyuma chakavu.

"Lina kasoro?" mama aliuliza.

"Moja tu, mama yangu. Linapenda safari kuliko mimi ninavyopenda kulala." Akataja bei.

"Mimi nastaafu, mwanangu, sina bei hiyo. Nipunguzie nusu."

Bwana Pole alishika kifua kama aliyefiwa. Kisha akawaza: kitu kitakachorudi jioni, cha nini kukigombania? "Kwa heshima yako, mama, chukua."

"Na tairi la akiba?"

"Chukua."

"Na jeki? Na sanduku la spana lile pale?"

Spana zilikuwa za kuazima. "Chukua, mama. Ungekuwa mama mzazi ningekunyima?"

"Basi tuandikiane."

Kuandikiana ndiko alikokupenda kuliko vyote. Aliandika kwa mwandiko wake mzuri: gari pamoja na vyote vyake, na kilichouzwa hakirudi. Mama alisoma mara mbili, akatia sahihi, akaondoka taratibu huku akipiga honi kuaga.

Bwana Pole alipanda pikipiki ya kukodi, akapita njia ya mkato, akateremshwa kwenye mwinuko wa machimbo. Akakaa nyuma ya rundo la kokoto, kamba begani, akijaribu pole mbalimbali kwa sauti ya chini.

Jipu likaja. Likakohoa, likatikisika, likazima palepale pa siku zote. Moyo wake ukatulia.

Mama akashuka. Boneti hakuigusa. Alikwenda moja kwa moja nyuma, akafungua kifuniko cha tangi, na tangi likavuta pumzi *fyuuu*, kama mtu aliyeibuka majini. Akachomoa pini kichwani, akachokoa nta, akapuliza, akafunga. Akapiga stata. Jipu likanguruma.

Bwana Pole alitoka mafichoni mbio, kamba ikimgonga magoti. "Mama! Subiri! Hilo gari ni bovu, nalinunua mimi! Nakurudishia yote!"

"Si bovu, lilizibwa pua," mama alisema. "Miaka ishirini nimeendesha la namna hii kwenda kuzalisha vijijini. Kichanga asipopumua, mkunga haanzi na miguu. Mdogo wangu, yule fundi cherehani uliyemliza mwezi uliopita, anakusalimu. Aliniambia ulifungua tangi eti kuangalia mafuta, ukafunga kwa kifuniko ulichotoa mfukoni, na gari likawaka. Nikacheka siku mbili."

"Naongeza, mama! Ndilo linalonilisha!"

"Kilichouzwa hakirudi. Umeandika wewe, na mwandiko mzuri." Akanyoosha mkono dirishani. "Na kifuniko changu kizima nipe. Gari na vyote vyake."

 Bwana Pole alitia mkono mfukoni, akakitoa. Mama akakipokea, akakitazama, akatia gia.

"Na hii kamba je?" Bwana Pole aliuliza, kwa kukosa la kuuliza.

"Hiyo haimo kwenye karatasi, ni yako." Jipu likaanza kupanda mwinuko ambao kwa mauzo saba halikuwahi kuumaliza. Mama akatoa kichwa dirishani, akamtazama kwa huruma ya kweli.

"Pole sana, mwanangu."